Nguva, Ng'ombe wa Bahari, Anahitaji Mchungaji

NDUGU msomaji, iwapo ulizaliwa Ihembe, katika Wilaya ya Karagwe, yamkini ulijifunza kuhesabu ng'ombe kabla ya kujifunza kuhesabu fedha. Neno lenyewe, ihembe, katika lugha za huko maana yake ni pembe. Na ng'ombe wenye pembe ndefu wamekuwa fahari ya nchi ile tangu enzi za watawala wake wa kale. Lakini kutoka Ihembe hadi ufuko wa Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 1,000, na wako wazee wengi wa kule walioishi maisha yao yote bila ya kuitia machoni bahari. Basi si ajabu ikiwa hujapata kusikia kwamba bahari nayo ina ng'ombe wake.

Jina lake ni nguva. Hana pembe kichwani wala hana kwato. Lakini hula majani kama ng'ombe, humnyonyesha mtoto wake kama ng'ombe, na huenda malishoni taratibu, ndama wake akiwa ubavuni. Kitu kimoja tu alicho nacho ng'ombe wa Ihembe ambacho nguva hana: mchungaji. Hana wa kumwangalia njia, hana wa kuwakemea wanaompita mbio, wala hana wa kuuliza jioni kama kundi limerudi kamili. Na kundi, kwa kweli, halijawa kamili kwa muda mrefu.

MNYAMA GANI HUYU?

Watoto wengi wa mijini hulijua jina la nguva kwa njia ya hadithi: mwanamke mzuri kutoka kiunoni kwenda juu, na samaki kutoka kiunoni kwenda chini. Chanzo cha hadithi hiyo si kigumu kukisia. Nguva jike ana matiti mawili, nayo yako kifuani karibu na makwapa. Mabaharia wa kale, waliokaa miezi mingi majini, walipomwona kwa mbali akiibuka kuvuta pumzi, yamkini macho yao yaliona kile ambacho mioyo yao ilikuwa ikikitamani.

Nguva wa kweli si samaki hata kidogo. Ni mnyama mwenye damu ya moto, anayevuta hewa kwa mapafu kama wewe na mimi. Urefu wake ni mita tatu hivi, na uzito wake waweza kufika kilo 400. Ngozi yake ni ya kijivu, na mdomo wake ni mpana, umeelekea chini na kujaa sharubu ngumu. Mkia wake una panda mbili, kama wa pomboo. Wataalamu wa viumbe wanatuambia kwamba jamaa zake wa karibu walioko nchi kavu si ng'ombe wala kiboko, bali ni tembo na pimbi. Na ukitaka ushahidi wa udugu huo, mtazame nguva dume aliyekomaa: huota meno mawili yaliyochomoza, kama pembe za ndovu zilizodumaa.

Katika ukoo huu wamebaki duniani aina nne tu. Nguva wetu anapatikana kuanzia pwani ya Afrika Mashariki, Bahari ya Shamu na Ghuba, hadi India, Australia na visiwa vya Pasifiki. Wale watatu wengine huitwa manatii. Wawili wanaishi upande wa Amerika, na mmoja katika mito na mwambao wa Afrika Magharibi. Tofauti yao na nguva huonekana upesi katika mkia, kwani mkia wa manatii ni wa mviringo, kama mwiko wa kusongea ugali.

Chakula cha nguva ni nyasi zinazoota chini ya bahari, katika maji ya kina kifupi ambamo mwanga wa jua hufika. Tusizichanganye nyasi hizi na mwani ambao akina mama wa Zanzibar huulima na kuuza. Nyasi za baharini zina mizizi, zina majani, na hata huchanua maua humo humo majini. Nguva mmoja hula kiasi cha kilo 30 hadi 40 kwa siku. Huzing'oa pamoja na mizizi yake, na nyuma yake huacha vijia vyeupe mchangani, kama vijia vya ng'ombe kwenye mbuga. Mtu mwenye ujuzi akiviona vijia hivyo hujua kwamba nguva amepita.

Malisho hayo si ya nguva peke yake. Ndimo anamokula kasa wa kijani. Ndimo wanamokulia tasi na changu wadogo, na pia kambamiti, kabla hawajafika kwenye kikaango chako. Mama wa Magomeni anayenunua fungu la tasi katika soko la Feri anakula, bila ya kujua, matunda ya shamba lile lile la nguva. Pale penye nguva, malisho yana uhai. Na malisho yakifa, nguva hutangulia, na mvuvi hufuata nyuma yake akiwa na kapu tupu.

HESABU YA MFUGAJI

Ili kuielewa hatari inayomkabili mnyama huyu, haihitajiki elimu ya chuo kikuu. Hesabu ya mfugaji inatosha.

Ng'ombe wa Karagwe hubeba mimba ya miezi tisa. Akiwa na afya na malisho mazuri, huweza kuzaa kila mwaka, au kila baada ya mwaka mmoja na nusu. Mitamba wake nao huanza kuzaa wakiwa na miaka mitatu au minne. Ndiyo maana mfugaji aliyepatwa na ukame au maradhi, akibakiwa na ng'ombe wachache, huweza kujikongoja na baada ya miaka kadhaa akaona zizi lake limejaa tena.

Sasa tumgeukie nguva. Mimba yake ni ya miezi 13 hadi 14. Huzaa mtoto mmoja tu. Humnyonyesha kwa mwaka mmoja na nusu hivi. Kutoka mtoto mmoja hadi mwingine hupita miaka mitatu, na wakati mwingine hata saba. Nguva jike huanza kuzaa akiwa na miaka sita kwa uchache, na wengine hukawia hadi miaka 17. Ni kweli kwamba ana maisha marefu, aweza kufika miaka 70. Lakini maisha marefu hayana faida kwa anayeuawa njiani.

Wataalamu waliofuatilia mambo haya huko Australia walikata hesabu ifuatayo: hata hali iwe njema kiasi gani, kundi la nguva haliwezi kuongezeka kwa zaidi ya 5 katika kila 100 kwa mwaka. Lifikiri jambo hili, msomaji. Katika kundi la nguva 100, wakifa sita kwa mwaka kwa sababu ya binadamu, kundi hilo limekwisha anza safari ya kutoweka. Katika kundi la 20, kifo cha mmoja tu kwa mwaka chatosha kulizuia lisikue kamwe. Wala hakuna atakayegundua upesi, kwa sababu kila mvuvi atakuwa amemwona nguva mmoja tu aliyekufa, naye atasema, "Mmoja ana nini?"

WALIPOKUWA WENGI

Mwaka 1967, kundi la nguva wapatao 500 liliripotiwa kuonekana katika bahari ya kusini mwa Kenya. Ilipofika miaka ya 1990, ndege zilipopita juu ya pwani hiyo kuwatafuta, waliohesabiwa hawakufika hata 20. Muda uliopita hapo katikati haukufika miaka 30. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kundi kubwa alikuwa bado kijana wakati ndege ziliporudi na habari hiyo ya kusikitisha.

Kwa upande wetu wa Tanzania, uchunguzi uliofanywa mwaka 2003 kwa kuwauliza wavuvi wa mwambao ulionyesha kwamba sehemu yenye matumaini zaidi ni ile iliyoko baina ya delta ya Mto Rufiji, kisiwa cha Mafia na Kilwa. Hapo mto huleta rutuba, mikoko huvunja nguvu za mawimbi, na visiwa vidogo vidogo hukinga maji yakatulia, hata nyasi zikaota kwa wingi. Mwaka 2004 eneo hilo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya dunia ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, ile inayojulikana kwa jina la Ramsar. Lakini hata huko, ushahidi wa kuwapo kwa nguva aghalabu umekuwa ule wa huzuni: si mnyama aliyeonekana akilisha, bali mnyama aliyetolewa kwenye nyavu.

Mwezi wa Desemba mwaka 2022, Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile uliwatangaza nguva wa pwani ya Afrika Mashariki kuwa wamo katika daraja la mwisho la hatari kabla ya kutoweka. Ulikadiria kwamba wakubwa wenye uwezo wa kuzaa hawafiki 250 katika pwani yetu yote hii ya mashariki. Katika mwaka huo huo, wachunguzi walitoa taarifa kwamba katika bahari ya China nguva wamekwisha kutoweka kiasi kwamba hawawezi tena kujiendeleza wenyewe.

Yuko atakayedhani kwamba tunatia chumvi. Basi na aisikilize habari ya jamaa yao wa tano, ambaye leo hayupo. Mwaka 1741 meli ya nahodha Vitus Bering iliharibikia kwenye kisiwa kimoja cha kaskazini ya mbali, baina ya Asia na Amerika. Miongoni mwa abiria wake alikuwamo mganga na mtaalamu wa viumbe aliyeitwa Georg Wilhelm Steller. Katika maji yale ya baridi Steller alimwona mnyama wa ukoo huu huu wa nguva, lakini mkubwa mara nyingi zaidi, mpole, aliyekula majani ya bahari karibu kabisa na ufuko. Waliookoka walikula nyama yake, na wawindaji waliofuata wakafanya hivyo hivyo. Kufikia mwaka 1768 hakubaki hata mmoja. Ilichukua miaka 27 tu, ambao ni umri wa kijana aliyeoa juzi.

NYAVU NA MASHINE

Ni nini basi kinachowamaliza nguva wetu? Haki yatulazimu tuseme wazi: katika bahari ya Tanzania, nyavu zimewaua nguva wengi kuliko kitu kingine chochote. Na nyavu yenye lawama kubwa ni jarife, ile yenye macho mapana, inayotegwa kwa ajili ya papa na taa, ikaachwa majini usiku kucha. Nguva akitembea gizani kutafuta malisho huiingia bila kuiona. Naye, kama tulivyokwisha sema, anavuta hewa. Hawezi kukaa chini ya maji ila kwa dakika chache. Akizuiliwa asiibuke, hufa kwa kukosa pumzi. Mvuvi anapokuja alfajiri kuvuta jarife lake hukuta mzoga wa kilo mia tatu, na nyavu iliyochanika vibaya. Mara nyingi mvuvi huyo hakumkusudia nguva, wala hakufurahia hasara iliyompata.

Lakini hatari ya pili inakua kila mwaka, nayo ni mashine. Kwa karne nyingi vyombo vya pwani yetu vilikwenda kwa tanga na kafi. Ngalawa, dau na jahazi vilimpitia nguva polepole, naye akawa na nafasi ya kuzama na kujitenga. Siku hizi boti za fibagilasi zenye injini za nguvu hukata maji yale yale kwa mwendo wa gari la abiria barabarani. Ziko zinazobeba wasafiri, ziko zinazobeba samaki na barafu, ziko za watalii, ziko za shughuli za gesi, ambayo ilianza kuletwa kutoka Songosongo mwaka 2004. Hatusemi kwamba vyombo hivi ni vibaya. Mgonjwa wa Mafia anayewahishwa hospitali hatamtaka nahodha atumie tanga. Tunasema tu kwamba nguva hakuumbwa kwa ajili ya mwendo huo.

Mwendo wake wa kawaida ni kilomita 10 hivi kwa saa. Akitishwa aweza kuongeza mara mbili, lakini kwa kitambo kidogo tu. Malisho yake yako katika kina kifupi, kwa hiyo chombo kinapomjia juu yake hana pa kuzamia. Akiwa na ndama, hamwachi. Na wachunguzi wa huko Australia waliotazama mambo haya waliona kwamba nguva aghalabu hukawia kukwepa, akasubiri mpaka boti imemkaribia mno. Boti ikienda pole, kukawia huko hakuna madhara. Ikienda mbio, ni kifo. Iwapo propela ya injini haikumkata, basi kishindo cha mkuku wa boti chatosha kumvunja mbavu.

Hata boti ambayo haikumgonga inaweza kumdhuru. Mfugaji wa Ihembe anajua kwamba ng'ombe anayekimbizwa mchana kutwa hanoni, na maziwa yake hupungua. Nguva naye, makelele ya injini yakimwandama kila saa, huyaacha malisho mazuri akaenda kutafuta yaliyo duni. Na pale maji yanapokuwa machache, propela hukata nyasi zenyewe, na nanga zikiburutwa hulima mapengo ambayo huchukua miaka kuota tena. Juya linalokokotwa juu ya nyasi hizo hufanya uharibifu ule ule. Wenzetu wa Ziwa Viktoria, ambao wameona jinsi kokoro lilivyofagia mazalio ya sato, hawahitaji kuelezwa zaidi.

WENZETU WAMEFANYA NINI

Jimbo la Florida, huko Marekani, lina manatii wengi, na lina boti zilizoandikishwa zinazokaribia milioni moja. Kwa miaka mingi vyombo hivyo na wanyama hao wamekuwa wakigombea njia moja. Matokeo yake ni jambo la kutisha kulisikia: wachunguzi wa kule huwatambua manatii mmoja mmoja, na kuwapa majina, kwa kutazama makovu ya propela migongoni mwao. Wako wengi wenye makovu ya ajali zaidi ya moja.

Mwaka 1978 jimbo hilo lilipitisha sheria ya kulifanya eneo lake lote kuwa kimbilio la manatii. Mabango yaliwekwa majini katika mito na ghuba wanamokaa, yakiwaamuru manahodha wapunguze mwendo, na pengine wasiingie kabisa katika majira ya baridi. Askari wa majini hulinda sheria hiyo, na avunjaye hutozwa faini. Wenye boti walilalamika, na baadhi yao wangali wakilalamika. Vifo vya kugongwa havijakwisha. Hata hivyo manatii, waliokuwa wamewekwa katika orodha ya wanyama walio katika hatari ya kutoweka tangu mwaka 1967, waliongezeka kiasi kwamba mwaka 2017 walishushwa daraja moja katika orodha hiyo.

Lakini Florida imetufundisha na somo la pili, tena chungu. Mwaka 2021 manatii zaidi ya 1,000 walikufa huko katika mwaka mmoja, na wengi wao hawakugongwa na boti yoyote. Walikufa kwa njaa. Uchafu uliotiririka kutoka mijini na mashambani ulikuwa umeyatia maji ukungu wa kijani, mwanga wa jua ukakosa kupenya, na nyasi zikafa. Kumbe haitoshi kumzuia mwenye boti asimgonge mnyama, ikiwa zizi lake halina majani.

Huko Australia, katika ghuba ya Moreton iliyo jirani na jiji la Brisbane, yametengwa maeneo ambamo boti hulazimika kwenda polepole kwa ajili ya nguva na kasa. Karibu nasi zaidi ni Msumbiji. Visiwa vya Bazaruto vilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1971, na humo ndimo lilimobaki kundi kubwa la nguva ambalo wataalamu wanalitegemea kuliko mengine yote katika upande huu wa Bahari ya Hindi. Bazaruto si nchi ya matajiri. Wako wavuvi maskini, kama wetu, na wako watalii wenye boti, kama wetu. Ikiwa jirani ameweza kulitunza zizi lake mpaka leo, sisi hatuna udhuru wa kusema kwamba kazi hii ni ya mataifa makubwa tu.

SHERIA IPO, MCHUNGAJI YUKO WAPI?

Taifa letu halikukosa sheria. Mwezi wa Septemba mwaka 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza mjini Arusha kwamba kuwatunza wanyamapori wetu ni dhamana tuliyo nayo kwa ajili ya watoto wetu. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, kama ile ya mwaka 1970 iliyoitangulia, haimpi mtu ruhusa ya kumvua nguva wala kuuza nyama yake. Sheria ya Hifadhi za Bahari ilipitishwa mwaka 1994, na mwaka uliofuata Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ikawa ya kwanza nchini. Ina eneo la kilomita za mraba 822, limegawanywa katika sehemu, kila sehemu na kanuni zake. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizotia sahihi makubaliano ya kimataifa ya kumlinda nguva, yaliyofikiwa Abu Dhabi mwaka 2007.

Lakini karatasi haichungi ng'ombe. Anayechunga ni mtu aliyeko malishoni, na malishoni mwa nguva mtu huyo ni mvuvi na nahodha. Ndiyo kusema kwamba ulinzi wa mnyama huyu hauwezi kufanywa dhidi ya wavuvi; hapana budi ufanywe pamoja nao.

Mafia kwenyewe upo mfano mzuri. Katika ghuba ya Kilindoni, kuanzia mwezi wa Oktoba hadi Machi hivi, hufika papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, na watalii huja kutoka mbali kuogelea karibu naye. Manahodha wanaowapeleka wamefunzwa kanuni: kumkaribia polepole, kutomzingira, kutomkatia njia. Kanuni hizo hushikwa kwa sababu manahodha wenyewe wanajua kwamba papa potwe aliyejeruhiwa ni riziki iliyopotea. Basi yule aliyeweza kujifunza kumpisha papa potwe hashindwi kujifunza kumpisha nguva.

Yako mambo yanayoweza kufanywa bila ya kungoja fedha nyingi. La kwanza, malisho yajulikane. Wavuvi wazee wa delta na wa Kilwa wanayajua kuliko ramani yoyote, nao waulizwe. La pili, penye malisho hayo yawekwe maboya, na kila chombo cha injini kikifika hapo kipunguze mwendo na kuweka mtu omoni wa kutazama mbele. Dakika kumi zitakazopotea hazitamfukarisha mtu. Wahenga walikwisha sema kwamba haraka haraka haina baraka. La tatu, jarife liondolewe kwenye malisho. Hapo ndipo penye ugumu, kwa sababu jarife ni ada ya shule ya mtoto wa mvuvi. Mwambie aliache bila kumpa njia nyingine, naye atalitega usiku. Vikundi vya BMU, ambavyo sheria ya mwaka 2003 imevipa nafasi ya kusimamia uvuvi vijijini, na halmashauri za wilaya zinazopokea ushuru wa samaki, havina budi kumsaidia abadilishe zana zake.

La nne ni habari. Mvuvi aliyemkuta nguva nyavuni leo hunyamaza, kwa kuogopa mashtaka, na kifo kile kinakuwa kama hakikutokea. Nguva aliye hai aliyenaswa kwa bahati mbaya anaweza kuokolewa: pua zake zishikiliwe juu ya maji apate kupumua, nyavu ikatwe, na asivutwe kwa mkia. Anayefanya hivyo na kutoa taarifa apewe shukrani, si pingu. Kwa miaka mingi shirika la Sea Sense la Dar es Salaam limeshirikiana na wanavijiji wa pwani kulinda viota vya kasa na kuweka kumbukumbu za nguva. Kazi hiyo imeonyesha kwamba mwanakijiji akiaminiwa huwa mlinzi hodari.

WAJIBU WA FAMILIA YA MJINI

Pengine utauliza, ndugu msomaji, haya yanakuhusu nini wewe unayefanya kazi kiwandani, au ofisini, na wala huna mtumbwi. Yanakuhusu kwa njia tatu.

Ya kwanza, wewe ni mnunuzi. Ukiletewa kwa siri nyama inayosemwa ni ya nguva, au mafuta yake yanayosifiwa kuwa ni dawa, kataa. Soko likikosa wanunuzi, biashara hufa. Ya pili, wewe ni abiria. Ukiwa ndani ya boti inayopita mbio karibu na ufuko au mikoko, una haki ya kumwomba nahodha kwa adabu apunguze mwendo. Utakuwa umemwokoa nguva, na huenda ukawaokoa na waogeleaji. Ya tatu, wewe ni mzazi. Takataka na plastiki unazomruhusu mtoto azitupe katika mfereji wa Msimbazi leo zitakuwa baharini kesho. Mfundishe azitupe panapostahili, na jioni mnapokaa pamoja mweleze kwamba nguva si jini wala si mwanamke wa majini. Ni mnyama wa kweli, mpole, anayekula majani katika bahari ya nchi yake.

Mtoto huyo akiwa Ihembe au akiwa Kariakoo, ana fungu lile lile katika mali hii, kama vile mtoto wa Kilwa alivyo na fungu katika mbuga za Karagwe. Mfugaji mwenye busara hangoji abakiwe na ng'ombe mmoja ndipo atafute mchungaji. Sisi tumekwisha chelewa kiasi hicho, au karibu yake. Lakini maadamu zizi halijawa tupu, kazi ya kuchunga bado ipo, na wa kuifanya ni sisi.